Shajara ya mradi: mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe ndani ya Blender, brashi za programu na brashi za kujitengenezea

Kazi ni kuchonga kidijitali mlango mmoja wa nakshi wa Kizanzibari kwa kipimo chake halisi, kisha kuuchapa kwa resini kwa kipimo cha 1:10. Umechaguliwa mtindo wa kizingiti cha juu kilichonyooka, ulio mkongwe kuliko ule wa tao ulioenea mwishoni mwa karne ya 19 kwa athari za India. Programu ni Blender 4.4, ya kuunda na kuchonga maumbo ya 3D, iliyotoka Machi 2025. Swali linalofuatiliwa hatua kwa hatua ni hili: wapi brashi (zana za kuchongea kwenye skrini) zinazokuja na programu zinatosha, wapi inafaa kujitengenezea, na wapi brashi ya aina yoyote si chombo cha kazi hiyo. Majina ya brashi na vitufe yameandikwa kama yanavyoonekana kwenye skrini, ili anayefuata asipotee.

6 Aprili 2025: vipimo na meshi ya kuanzia

Miimo (nguzo za pembeni) miwili, kila mmoja milimita 200 kwa 2100. Kizingiti cha juu 1400 kwa 350. Mabawa mawili ya upana wa 500 kila moja, na mfaa, ubao wa wima, wa 120 katikati. Kina cha nakshi ni milimita 8 hadi 10. Picha za rejea zipigwe kutoka mbele kabisa, rula ikiwa imeegemezwa kwenye mwimo, na nyingine mwanga ukitoka ubavuni. Jua la utosini halionyeshi kina, na kina ndicho kitakachokusumbua baadaye.

Kabla ya kushika brashi yoyote, hesabu nyuso, yaani vipande vidogo bapa vinavyounda meshi (wavu wa umbo). Mfereji mwembamba kabisa kwenye nakshi hii una upana wa milimita 2. Ili usomeke unahitaji nyuso nne hivi kukatisha upana wake, yaani kila uso uwe na ukingo wa nusu milimita. Mwimo ukaanzishwa kama karatasi bapa yenye gridi ya 12 kwa 126, miraba ya milimita 16.7, kisha modifaya (kigeuzi cha umbo) ya Multires, inayogawa nyuso ngazi kwa ngazi, ngazi 5. Kila ngazi huzidisha nyuso mara nne: 1,512 mara 1,024 ni nyuso 1,548,288, na kila moja ina ukingo wa milimita 0.52. Kizingiti kwa hesabu hiyohiyo ni gridi ya 84 kwa 21, jumla 1,806,336. Vipande viwekwe kila kimoja kama kitu cha peke yake na vichongwe kimoja kimoja. Kompyuta ya RAM ya GB 16 hubeba hivyo bila kusuasua, lakini mlango mzima ukiwa meshi moja utaigandisha.

Mambo mawili yaliharibu jaribio la mwanzo. Gridi ya miraba mirefu, 4 kwa 10 kwenye ubao ule ule, ilitoa nyuso ndefu zaidi kuliko upana wake mara nne hivi: duara likawa na kingo laini upande mmoja na za msumeno upande mwingine, na hakuna brashi inayoweza kuficha hilo. La pili, ubao ulikuwa umerefushwa kwa kuvutwa na vipimo vyake havijathibitishwa (Apply). Brashi hufanya kazi kwa vipimo vya ndani vya kitu, kwa hiyo kila muhuri (alama ya pigo moja la brashi) wa duara ulitoka yai. Dawa ni Ctrl+A, kisha Scale, kabla ya kuingia hali ya kuchonga. Programu yenyewe hutoa onyo kuhusu hili, lakini ni mstari mdogo chini ya skrini.

Kwenye Multires weka Boundary Smooth iwe Keep Corners, la sivyo pembe za ubao zitaviringika.

13 Aprili 2025: nakshi huzama

Kibao cha majaribio cha milimita 200 kwa 600, kwa brashi za programu pekee. Clay Strips, Draw Sharp, Layer, Scrape/Fill, Crease Sharp, Grab. Hakuna kilichopakuliwa.

Matokeo ya kwanza yalikuwa na kasoro iliyo kubwa kuliko suala la brashi ipi. Maua na mnyororo vilitoka safi, ila vilionekana kama vimebandikwa juu ya ubao. Fundi wa nakshi anapochonga mlango hainui kitu. Anachimba pembezoni mwa ua, na uso wa juu wa ua unabaki pale pale ulipokuwa uso wa ubao. Ukipitisha rula juu ya mwimo, rula inagusa vichwa vya maua yote na ukingo wa ubao kwa pamoja. Brashi nyingi za programu, na nyingi za kupakua, zimewekwa kuinua. Kwa udongo ni sawa. Kwa mbao za mlango ni kinyume cha kazi.

Kwa hiyo utaratibu ulibadilishwa, na ndio uliotumika hadi mwisho:

Kwanza sakafu ya nakshi inazamishwa. Funika kwa maski (kinga inayozuia brashi) kila kisichozama, kisha shusha kilichobaki milimita 8 kwa kipimo cha kuandika, si kwa mkono. Pili, umbo linainuliwa kutoka kwenye sakafu hiyo hadi lifike usawa wa ubao. Tatu, vichwa vinasawazishwa kwa Scrape/Fill, Original Plane ikiwa imewashwa, ili brashi ifuate usawa wa mahali ulipoanzia na isizame ndani ya ua.

Layer ndiyo brashi ya programu iliyofaa kuliko zote hapa, na watu wengi huipita. Ina kipimo cha Height kwa vipimo halisi. Ukiandika mita 0.008, huinua milimita 8 na kusimama, hata ukirudia kupita ndani ya pigo lilelile. Ukiongeza Draw Sharp kwa mishipa ya majani na Scrape/Fill kwa kingo, kazi nyingi ya mwimo inawezekana bila kutengeneza brashi hata moja.

Zima pia upitaji wa nyuma: kwenye ubao mwembamba, Front Faces Only isipowashwa, brashi kubwa husogeza na upande wa pili.

Gharama: ua moja la petali nane kwa brashi za programu lilichukua dakika 25 hivi. Mlango una maua 26.

20 Aprili 2025: brashi za kupakua

Pakiti kadhaa za bure zilijaribiwa: nyuzi za mbao, mapambo ya kifalme ya Ulaya, nyufa, kutu. Haya ndiyo yaliyoonekana.

Mapambo ya Ulaya hayafai hapa kwa umbo. Jani la akantho si jani la mlango wa Zanzibar, na ukilipindapinda halitageuka kuwa yungiyungi. Hilo lilitarajiwa. Kilichogharimu muda ni ubora wa picha zinazozipa brashi hizo umbo. Nyingi ni JPEG za biti 8. Biti 8 hutoa vivuli 256 tu kutoka chini hadi juu, na ukizitandaza kwenye mteremko mpana, ngazi zinaonekana wazi mwanga ukipiga kwa upande. JPEG huongeza vimiraba vya mgandamizo juu yake. Kulainisha kwa Smooth kunaondoa ngazi pamoja na kingo ulizozitaka. Picha ya brashi inayofaa ni PNG ya biti 16, yenye vivuli 65,536, au EXR, aina ya faili ya picha yenye usahihi mkubwa.

Kasoro nyingine ya kawaida ni picha ambayo usuli wake si mweusi kamili. Mweusi humaanisha sifuri, usiguse. Usuli ukiwa kijivu kidogo tu, hata 3 kati ya 255, kila muhuri huacha sahani nyembamba ya duara chini ya pambo. Si rahisi kuiona ukiwa unachonga. Fungua picha kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, vuta ngazi za weusi hadi usuli uwe sifuri, hifadhi upya.

Nyuzi za mbao ndizo pekee zilizobaki kutoka kwenye pakiti zote. Zinapigwa mwishoni kabisa, kwa nguvu ndogo, na kila ubao peke yake. Zikipita juu ya kiungo cha mwimo na kizingiti, mlango mzima unaonekana umekatwa kwenye gogo moja. Kwenye mwimo nyuzi husimama, kwenye kizingiti hulala.

Soma leseni kabla ya kupakua. CC0 haina sharti, CC BY inataka mtengenezaji atajwe, na zipo zinazokataza kazi ya kuuza. Brashi uliyojitengenezea haina swali hilo.

4 Mei 2025: mnyororo, brashi ya kwanza ya kujitengenezea

Ukingo wa nje wa mwimo una mnyororo unaojirudia kutoka chini hadi juu. Hapa ndipo kujitengenezea kulionekana kuwa jibu la wazi.

Kigae kimoja cha mnyororo kilichongwa kwa umakini kwa brashi za programu, upana milimita 84, kimo 60. Miimo ina urefu wa 2100, na 2100 gawa kwa 84 ni 25 kamili. Chagua upana wa kigae kwa kugawanya urefu wa ubao, usiuchague kwa macho.

Kisha kikageuzwa picha. Kamera ya kutazama wima bila mtazamo wa umbali, fremu ya milimita 120 kwa 120, picha ya pikseli 2048. Mata (material) ya muda husoma kimo cha kila nukta na kukigeuza kuwa kivuli: sakafu ni 0, milimita 8 ni 1. Toleo la kwanza lilitoka na vivuli vilivyofifia na vichwa vya pete vilivyoviringika. Sababu ni kwamba tangu Blender 4.0 rangi za picha hupitishwa kwenye AgX, mpangilio wa kuonyeshea rangi, ambayo inabana sehemu angavu. Kwa picha ya kimo weka View Transform iwe Raw, au hifadhi EXR, ambayo haipitii huko. Ukiipakia kwenye brashi, weka Color Space iwe Non-Color.

Sasa jambo ambalo maelekezo mengi hayataji. Picha ya brashi ni mraba, lakini eneo la brashi ni duara ndani ya mraba huo. Kigae kikijaza picha nzima, pembe zake hukatwa na vigae haviungani kamwe, hata ufanyeje. Kigae lazima kiwe ndani ya duara. Katika fremu ya milimita 120, kigae cha 84 ni asilimia 70 ya upana, pikseli 1434 kati ya 2048. Mraba wa asilimia 70 unaingia wote ndani ya duara, pembe zake zikigusa karibu na ukingo. Nje ya kigae kila kitu kiwe cheusi. Majirani wa kulia na kushoto, uliowaweka ili viungo vikutane sawasawa, lazima wafutwe kwenye picha ya mwisho, la sivyo watapigwa mara mbili.

Mipangilio ya brashi iliyofanya kazi: chanzo ni Layer, Height 0.008, Strength 1. Radius Unit iwe Scene, kipenyo milimita 120, ili kukaribia au kurudi nyuma kwa kamera kusibadilishe ukubwa wa pete. Spacing asilimia 70, na Spacing Distance nayo Scene. Falloff iwe Constant, maana ile laini ya kawaida hupunguza kimo kuelekea kingoni. Adjust Strength for Spacing zima. Mgandamizo wa kalamu kwenye nguvu zima pia: ukiuacha, kila pete inatoka na kimo chake kulingana na uzito wa mkono. Stroke iwe Line, pembe ya picha nyuzi 90 kwa mwimo.

Kwa mipangilio hiyo kipanya cha kawaida kinatosha. Kalamu ya kidijitali inahitajika kwenye maua, si hapa.

11 Mei 2025: brashi ikashindwa na modifaya

Vigae viliungana, lakini havikufika juu mahali pake. Kosa la milimita moja kwa kila muhuri ni milimita 25 mwishoni mwa mwimo, zaidi ya robo ya pete. Kuanzia katikati kwenda pande mbili kulipunguza kosa, hakukuliondoa. Mwimo wa kushoto na wa kulia ukapishana, na macho hulinganisha miimo kabla ya kitu kingine chochote.

Suluhisho lilikuwa kuacha brashi kabisa kwa mstari ulionyooka. Picha ileile ya kigae ikakatwa iwe milimita 84 kwa 60 bila weusi wa pembeni, ikawekwa kwenye modifaya ya Displace, inayoinua uso kwa kufuata picha, juu ya ukanda wa mnyororo tu, kwa UV (ramani ya kulaza picha juu ya uso) zilizopanuliwa zijirudie mara 25. Midlevel 0, Strength 0.008. Pete 25 kamili, miimo yote sawa, kwa operesheni moja.

Tatizo lililobaki ni kwamba Displace ikikaa juu ya Multires, huwezi kuchonga juu yake. Njia ya kutoka: nakili ubao, kwenye nakala thibitisha Multires na Displace, kisha chagua nakala, ongeza ubao wa asili kwa Shift, na ubonyeze Reshape kwenye Multires ya ubao wa asili. Umbo linahamia, na ngazi zote tano bado zipo. Idadi ya nyuso lazima iwe ileile, kwa hiyo usiguse gridi katikati ya hatua hizi.

Kazi ya kutengeneza picha ya kigae haikupotea, kwa kuwa ndiyo iliyolishwa modifaya. Brashi yenyewe inatumika kwenye vipande vifupi vya pete mbili tatu juu ya kizingiti, na kwa kurekebisha mahali palipochafuliwa. Hukumu ya hatua hii: mstari mrefu ulionyooka unaojirudia si kazi ya brashi, ya programu wala ya kujitengenezea.

25 Mei 2025: maua kwa VDM

Maua 26 hayako kwenye mstari. Yanakaa ndani ya mizunguko ya mzabibu, kila moja na mwelekeo wake kidogo. Hapa picha ya kimo ilionekana dhaifu: inasukuma juu tu, na ncha za petali za mlango huu zinabetuka kidogo juu ya sakafu. Brashi ya VDM (Vector Displacement Map) hubeba kwenye picha mwelekeo wa kila nukta kwa pande zote tatu, kwa hiyo inaweza kuinua na kubetua kwa pigo moja. Blender inazikubali tangu toleo la 3.5, la 2023. Nyongeza ya VDM Brush Baker inapatikana bure kwenye jukwaa la viendelezi la Blender.

Hatua za kawaida: nyongeza inakutengenezea karatasi ya kuchongea, unachonga ua, unabonyeza kutengeneza, inatoka EXR na brashi. Yaliyoharibika:

Ukingo wa karatasi ulisogezwa kidogo na Smooth kubwa. Kila muhuri ukaacha fremu ya mraba kuzunguka ua. Acha ukanda wa pembeni bila kuguswa, na ni salama zaidi kuufunika kwa maski tangu mwanzo.

Azimio la 1024 lilitumika kwa kudhani kubwa ni bora. Ua lina upana wa milimita 120, na ubao una ukingo wa 0.52, maana yake kuna nyuso 231 tu za kupokea picha. Pikseli 512 zinazidi mara mbili. 1024 huongeza faili mara nne, kutoka MB 3 hadi 12 kabla ya kubanwa, na hakuna kinachoonekana. Muhuri hauna maelezo zaidi ya meshi inayoupokea. Anayelalamika kwamba brashi ya VDM inatoa uji, aanze kwa kuhesabu nyuso zake.

Stroke ya Anchored hubadilisha ukubwa na pembe unapovuta, kwa hiyo maua yalitofautiana upana bila mpango. Drag Dot ndiyo inayofaa: ukubwa unabaki 120, unavuta hadi mahali, unaachia. Texture Mapping lazima iwe Area Plane, Strength 1.

Kubetua kusizidi. Sehemu ya chini ya petali haina nyuso za ziada, zile zilizopo huvutwa tu, na zikivutwa sana Smooth inazirarua. Milimita 1.5 ya kubetuka inatosha kutoa kivuli.

1 Juni 2025: maua yanayofanana mno

Baada ya maua 26 kupigwa, kizingiti kilikufa. Kila petali ya tatu ilikuwa na mkunjo uleule mahali palepale. Hii ndiyo hasara ya kweli ya brashi ya kujitengenezea, na si ya kiufundi. Mlango wa mkono una maua ya fundi mmoja, kipimo kimoja, lakini patasi haikupita mahali pamoja mara mbili.

Kuzungusha muhuri nyuzi 45 hakusaidii kwa ua la petali nane, umbo lake la nje linarudi kuwa lilelile. Kilichosaidia ni kutengeneza maua matatu badala ya moja: la pili na la tatu yalianza kama nakala ya la kwanza, kisha petali zikasogezwa kwa Grab na mishipa ikakatwa upya. Yalipigwa kwa kuchanganywa, kila moja likizungushwa nyuzi 3 au 4 tu kulia au kushoto. Halafu brashi za programu zikarudi. Draw Sharp kwenye mishipa miwili mitatu ya kila ua, Scrape/Fill kwa kipenyo kidogo kwenye kingo mbili zilizochaguliwa, ili zionekane zimeguswa na chuma. Dakika 6 kwa ua.

Hesabu ya muda: kutengeneza maua matatu na brashi zake kulichukua saa 4. Kupiga na kumalizia kwa mkono ni dakika 8 kwa kila ua, dhidi ya 25 za kuchonga moja kwa moja. Unaokoa dakika 17 kwa ua, kwa hiyo brashi inajilipa baada ya ua la kumi na nne hivi. Pambo linalojitokeza mara tano au sita, lichonge tu. Majani madogo ya mzabibu, ambayo ni mengi mno, yalipewa brashi. Samaki wawili walio chini ya miimo hawakupewa, na ndio sehemu bora ya mlango hadi sasa.

8 Juni 2025: maandishi ya kizingiti

Ukanda wa maandishi ya Kiarabu katikati ya kizingiti. Jaribio la kuyapiga kama muhuri lilitoa maandishi yaliyogeuzwa kioo upande wa pili. Hali ya kuchonga huanza na ulinganifu wa X ukiwa umewashwa, na muhuri hugeuzwa pamoja na kila kitu. Kwa maua yaliyo sawa pande zote hutaligundua. Kwa maandishi, hasa yakiwa aya ya Qurani, ni kosa lisilokubalika. Zima X kabla ya kugusa ukanda huu, na ufunge eneo lake kwa maski baada ya kumaliza.

Kutengeneza brashi kwa kitu kinachotumika mara moja hakuna faida. Maandishi yaliandikwa Inkscape, ambayo inaunganisha herufi za Kiarabu ipasavyo, yakageuzwa njia, yakahifadhiwa SVG, yakaingizwa Blender kama mikunjo na kupewa unene wa milimita 8 juu ya sakafu iliyozamishwa. Nukta za herufi zikaguliwe na msomaji wa Kiarabu kabla ya kuunganisha na ubao, kwa sababu nukta ndogo ndizo zinazopotea kwanza.

15 Juni 2025: njumu

Njumu, vichwa vya mapambo kwenye mabawa, si kazi ya brashi. Njumu moja ya nyuso 500, ikarudiwa kwa Array, safu 5 kwa mistari 9 kila bawa, jumla 90. Mabawa yenyewe yakabaki bapa, Scrape/Fill na nyuzi za mbao tu. Hatua iliyokwenda haraka kuliko zote.

29 Juni 2025: chapa ya resini, 1:10

Printa yenye skrini ya milimita 192 kwa 120, pikseli ya 0.05. Mwimo wa 210 haulali kwenye skrini, ukakatwa kwenye kiungo kati ya samaki na mzabibu, mahali ambapo mstari upo tayari.

Kwa kipimo hiki mfereji wa milimita 2 unakuwa 0.2, pikseli nne: unasomeka. Printa ya nyuzi za plastiki yenye tundu la 0.4 isingeuweza. Kina cha 8 kinakuwa 0.8. Nyuzi za mbao, zilizokuwa na kina cha 0.3, zinakuwa 0.03, pungufu ya tabaka moja la 0.05. Hazikutoka hata moja. Kwa chapa ya kipimo hiki ziondoe zote, zinaongeza uzito wa faili bure.

Chapa ya kwanza ilikuwa na mnyororo mkali na maua yaliyozama kwenye ukungu. Mnyororo una kuta zilizosimama wima, maua yana miteremko, na kwa udogo huu mteremko hauna kivuli. Kina cha maua kiliongezwa mara 1.5 kwenye nakala ya kuchapa tu, na mishipa ikakatwa tena kwa Draw Sharp. Chapa ya pili inasomeka kwa mwanga wa dirishani.

Unene ulitolewa kwa kushusha ukingo wa karatasi na kufunga nyuma. Mwimo mmoja kama STL, faili ya kuchapia 3D, una pembetatu milioni 3.1, kila moja baiti 50, yaani MB 155. Decimate, modifaya ya kupunguza pembetatu, kwa 0.2 iliushusha hadi MB 31 bila tofauti inayoonekana kwenye resini. Chini ya 0.1 pete za mnyororo zinaanza kupata pembe.

Resini: ujazo wa vipande vyote ni sentimita za ujazo 130 hivi, na kwa mihimili ya muda gramu 180. Chupa ya gramu 500 inatosha chapa mbili. Programu zote ni bure.

6 Julai 2025: kuhifadhi brashi

Tangu Blender 4.3, brashi za programu zinakaa kwenye maktaba isiyoandikika. Ukibadilisha mipangilio ya Layer na kufunga programu, mabadiliko yanaondoka. Layer ya milimita 8 ilipotea hivyo katikati ya mradi na kupangwa upya kwa kusoma ingizo la Mei. Bonyeza kuihifadhi kama brashi mpya siku ileile unapoipanga. Kabla ya hapo pakia picha ndani ya faili, kwa kuwa brashi inayotegemea picha iliyoko kwenye folda nyingine inakuwa tupu folda ikihamishwa.

Majina yamepewa mpangilio: kazi, kipimo, aina. nakshi_ua_a_120mm_vdm, nakshi_jani_40mm_vdm, nakshi_mnyororo_84mm_layer. Kipimo ndani ya jina ndicho kinachookoa, maana brashi iliyochongwa kwa milimita 120 ikipigwa kwa 40 kwenye ubao huuhuu ina nyuso 77 tu, na mishipa yote inabanana.

Zilizobaki baada ya kuchuja: brashi saba za kujitengenezea na sita za programu. Mfaa bado haujachongwa. Una mapambo manne ambayo hayajirudii, kwa hiyo utafanywa kwa Layer, Draw Sharp na Scrape/Fill peke yake, kwenye gridi ya 7 kwa 123.